Mfumuko umeshuka, mbona unga haujashuka? Uzi wa viashiria vya uchumi kwa sisi wa Mombasa

#1 Daftari la Kongowea (mwanzisha uzi)

Assalam alaykum na habari zenu wadau.

Kila siku ya mwisho ya kazi ya mwezi, Shirika la Taifa la Takwimu, KNBS, hutangaza mfumuko wa bei. Jioni taarifa ya habari inasema umeshuka, na asubuhi yake sokoni watu wanaulizana: umeshukia wapi? Swali ni la haki kabisa na jibu lake lipo. Mimi nashika vitabu vya hesabu vya maduka kadhaa ya jumla hapa Kongowea. Naona watu wenye akili zao timamu wakiamua mambo mazito, mkopo, shehena nzima, kodi ya duka ya miaka mitano, kwa sababu ya nambari moja waliyoisikia redioni. Wengine wamezipuuza zote, wanakwenda kwa kubahatisha. Kote kuwili hasara ipo, na inaniuma kuiona.

Hakuna anayeweza kuuona kwa macho uchumi wa nchi iliyohesabiwa watu milioni 47 na nusu mwaka 2019. Tunachoona ni dalili zake: bei, ajira, mikopo, makasha bandarini, saruji iliyouzwa, umeme uliotumika. Dalili ikipimwa kwa njia ileile kila mwezi au kila robo mwaka, ndipo inapokuwa kiashiria, kwa sababu sasa unaweza kuweka leo kando ya jana ukaona tofauti. Nambari iliyokaa peke yake haikusaidii kitu.

Nianze na mfumuko maana ndio unaotutoa jasho. Oktoba 2024 ulitangazwa asilimia 2.7. Maana yake, kapu lile lile la bidhaa na huduma lilikuwa ghali kwa asilimia 2.7 kuliko Oktoba 2023. Bei zilikuwa bado zinapanda, ila taratibu. Miaka miwili nyuma, Oktoba 2022, kasi hiyo ilikuwa asilimia 9.6. Basi linalotoka Mwembe Tayari kwenda Voi likipunguza mwendo pale Mariakani halijarudi nyuma, bado linakwenda Voi. Ili kapu zima lirudi bei ya zamani, mfumuko ungetakiwa uwe chini ya sifuri, na hapa kwetu hilo ni nadra sana.

Sasa fanyeni hesabu ya limbikizo, ambayo redioni hamtaisikia. Wastani wa mfumuko ulikuwa kama asilimia 7.7 mwaka 2022, ukawa 7.7 tena 2023, na 4.5 mwaka 2024. Kila mwaka unapanda juu ya ule uliotangulia. Kapu la shilingi 1,000 la mwaka 2021 likawa kama shilingi 1,210 mwaka 2024. Aliyelipwa mshahara ule ule miaka yote hiyo amekatwa mshahara, japo hakuandikiwa barua.

Jambo la pili ni kujua unalinganishwa na lini. Oktoba 2023 petroli ilifika shilingi 217.36 kwa lita Nairobi, na sisi Mombasa huwa pungufu kwa shilingi tatu hivi kwa kuwa mafuta yanateremkia hapa. Oktoba 2024 petroli Nairobi ilikuwa 180.66. Ukipima mwaka kwa mwaka, petroli imeshuka karibu asilimia 17, na ikavuta mfumuko wote chini pamoja nayo. Ile 2.7 ilikuwa ndogo kwa sababu mbili: mambo yalikuwa yametulia kweli, na pia mwezi ule wa mwaka uliopita ulikuwa mbaya mno. Zote mbili ni kweli kwa pamoja, na anayekupa moja tu hajakueleza.

La tatu, na hili nitalirudia sana humu: viashiria havifiki kwa wakati mmoja. Vingine hutangulia, kama maagizo mapya ya kampuni, riba za hati za serikali (karatasi ambazo serikali hukopea kwa muda mfupi), vibali vya ujenzi. Vingine hutembea pamoja na uchumi wenyewe, kama mauzo ya maduka na umeme unaotumika. Na viko vinavyofika wenyeji wameshalala: ajira, mikopo isiyolipika, na hata Pato la Taifa lenyewe, yaani thamani ya vyote vilivyozalishwa nchini, ambalo takwimu zake za robo mwaka hutoka miezi mitatu hivi baada ya robo kwisha. Mfano Julai 2024, wakati wa maandamano. Kuna kipimo cha kila mwezi cha Benki ya Stanbic kinachouliza kampuni mia nne hivi kama maagizo, uzalishaji na ajira zao zimeongezeka au zimepungua. Kikiwa juu ya 50 biashara inakua, kikiwa chini inasinyaa. Mwezi ule kilianguka mpaka 43.1, na ikajulikana siku chache tu baada ya Julai kwisha. Aliyengoja takwimu za Pato la Taifa za robo ile alingoja mpaka mwisho wa mwaka.

Karibuni. Ulizeni, pingeni, leteni ya kwenu.

#2 Bi Mahamri

Shukran mwanangu kwa darasa. Mimi napika mahamri na mbaazi huku Likoni. Vitu vyangu ni unga wa ngano, sukari, mafuta ya kupikia, nazi, iliki na makaa, basi. Hiyo mbili nukta saba sikuiona hata siku moja. Nieleze, mimi niko wapi ndani ya hilo kapu lenu?

#3 Daftari la Kongowea

Bi Mahamri, shikamoo mama. Swali lako ndilo lenye uzito kuliko yote niliyoandika hapo juu.

Kapu la KNBS linatokana na kuuliza familia nchini kote zinatumia pesa zao kwa nini. Kwa mizani iliyoanza kutumika mwaka 2020, chakula na vinywaji visivyo vileo vimepewa karibu asilimia 33 ya kapu, nyumba pamoja na maji, umeme na gesi karibu 15, usafiri karibu 10, na zilizobaki zimegawanywa kwa nguo, simu, shule, hospitali, hoteli na mengineyo. Kapu hilo ni la Mkenya wa wastani. Ndani yake yumo anayeishi Nyali mwenye gari mbili na yumo anayelala Mtongwe akivuka feri kwa miguu.

Nitoe mfano wa hesabu tu, nambari ni zangu. Tuseme chakula kimepanda kwa asilimia 6 na vitu vingine vyote kwa asilimia 1. Kapu la taifa, lenye chakula theluthi moja, litaonyesha mfumuko wa 2.6 au 2.7. Lakini nyumba inayotumia shilingi 60 katika kila 100 kwa chakula imepandiwa kwa asilimia 4. Mwezi ule ule, nchi ile ile, na hakuna aliyedanganya. Kadiri mtu alivyo na kipato kidogo ndivyo chakula kinavyokula sehemu kubwa ya pesa yake, kwa hiyo bei ya chakula ikipanda yeye huumia zaidi ya inavyotangazwa.

Na wewe mama, kama mpishi, una kapu la tatu, la biashara yako. Hilo hakuna shirika litakalokupimia, lazima ulipime mwenyewe, na si kazi ngumu. Chukua daftari. Chagua siku moja ya mwezi, tuseme tarehe 5. Andika bei ya kila kitu chako kutoka duka lile lile, kwa kipimo kile kile. Hapo kwenye kipimo uwe macho: pakiti ikibaki bei ile ile lakini gramu zikapungua, hiyo ni bei iliyopanda, iandike kwa kilo. Kando ya kila kitu andika unatumia shilingi ngapi kwa mwezi. Jumla ya mwezi huu igawanye kwa jumla ya kununua vitu vile vile kwa bei za mwezi wa kwanza. Ukipata 1.08, umepandiwa asilimia 8. Baada ya mwaka utakuwa na kiashiria chako, na siku utakayotaka kuongeza bei ya hamri utajua unaongeza kwa kiasi gani na kwa nini, hutapandisha kwa hasira wala kuogopa mteja mpaka mtaji ukaliwa.

#4 Sina Imani

Yakhe mnajisumbua bure. Hizo nambari zinapikwa. Wakitaka ipande inapanda, wakitaka ishuke inashuka. Uchumi umekua asilimia tano, umekulia kwa nani? Vijana Kisauni wamekaa maskani tangu asubuhi mpaka jioni. Mimi naangalia mfuko wangu, basi.

#5 Daftari la Kongowea

Ndugu yangu Sina Imani, una haki ya kutilia shaka. Serikali kuchezea takwimu ni jambo lililowahi kutokea duniani. Argentina ilitangaza mfumuko wa chini kuliko uhalisia kwa miaka mingi kuanzia 2007, mpaka Shirika la Fedha Duniani likaikemea rasmi mwaka 2013. Lakini angalia ilivyojulikana: watu walipima bei wenyewe, wakalinganisha na mishahara, na thamani ya sarafu mitaani, na takwimu za majimbo. Uongo wa takwimu ni mgumu kuuficha kwa sababu viashiria vimeshikana. Ukisema viwanda vimekua na umeme uliotumika umepungua, mtu atauliza.

Kwa hiyo mimi siamini kiashiria kimoja, hata kikiwa kizuri kwangu. Nasoma vitatu au vinne vinavyotoka kwa watu tofauti. KNBS wana bei. Benki Kuu wana mikopo na fedha za kigeni. Bandari wana tani. Kampuni binafsi wana ripoti zao. Vikisema jambo moja, nalishika. Vikipingana, hapo pana kitu, nakaa nachimba.

Na hilo la uchumi kukua bila ya wewe kuona, halihitaji mtu kupika chochote. Mwaka 2024 Pato la Taifa lilikua kwa asilimia 4.7. Watu nao wanaongezeka kwa karibu asilimia 2 kila mwaka, kwa hiyo kwa kila kichwa ongezeko ni chini ya 3. Kisha hilo 3 haligawanywi sawa. Likienda kwenye mabenki na majengo ya Nairobi, ambako peke yake ndiko zaidi ya robo ya uchumi wote wa nchi, wewe wa Kisauni utalionea wapi? Pato la Taifa hupima vilivyozalishwa, halipimi vimemfikia nani. Simon Kuznets, aliyewatengenezea Wamarekani hesabu za namna hii mwaka 1934, aliwaambia mapema kwamba ustawi wa watu hauwezi kusomwa kutoka kwenye pato la nchi. Waliomsoma ni wengi, waliomsikiliza ni wachache.

Mwaka 2014 Kenya ilibadilisha mwaka wa msingi wa hesabu zake, yaani ule ambao miaka mingine hupimwa nao, na ikahesabu shughuli ambazo hazikuwa zikihesabiwa vizuri. Uchumi ukaonekana mkubwa kwa robo nzima, tukaingizwa katika nchi za kipato cha kati cha chini. Hakuna aliyelala maskini akaamka tajiri. Kilichobadilika ni upana wa macho ya anayehesabu, na hesabu mpya ilikuwa bora kuliko ya zamani.

Kuhusu vijana wa maskani, hapo ndipo takwimu zetu zina udhaifu mkubwa. Zaidi ya asilimia 80 ya kazi nje ya kilimo kidogo ni za jua kali. Mtu akiuza maji kwenye taa za barabarani saa mbili kwa siku, katika dodoso anaweza kuhesabiwa ana kazi. Kiwango cha ukosefu wa ajira kikitangazwa kidogo, uliza pia ni wangapi wanaofanya kazi kwa saa chache kuliko wanavyotaka, na wangapi wamekata tamaa ya kutafuta.

#6 Lori la Malaba

Mimi nipo barabarani, Mombasa mpaka Malaba, mara nyengine Kampala. Nakubaliana na mwenye uzi kuhusu kuangalia vitu vingi, lakini kwangu mimi kipimo ni kimoja: foleni ya malori Changamwe na Miritini. Bandari ikijaa, pesa ipo. Tuliambiwa bandari imevunja rekodi mwaka 2024. Mbona basi mji haukuchangamka namna hiyo?

#7 Daftari la Kongowea

Hapa ndipo ninapopenda, kwa sababu bandari ni kiashiria chetu wenyewe, na wengi wetu tunakisoma nusu.

Mwaka 2023 Bandari ya Mombasa ilishughulikia karibu tani milioni 36 na makasha milioni 1.62, kwa kipimo cha kasha la futi ishirini. Mwaka 2024 zikawa tani milioni 41 na makasha milioni 2. Ongezeko la makasha ni karibu robo nzima. Ukiishia hapo utasema Mombasa imetajirika. Fungua hiyo nambari ndani.

Kuna makasha ya kuhamishwa, yanayoshushwa kutoka meli moja na kupakiwa nyingine, hayatoki getini. Kuanzia Novemba 2023 meli zilishambuliwa Bahari ya Shamu, kampuni nyingi zikazungukia Rasi ya Tumaini Jema kusini mwa Afrika, na ratiba za dunia zikavurugika. Mombasa ikapata kazi nyingi ya kuhamisha makasha namna hiyo. Bandari ilipata ada, waliokuwa zamu walipata kazi, lakini kasha hilo halikupanda lori lako, halikulipiwa ushuru wa bidhaa hapa, wala halikumfikia mwenye duka Kongowea. Sehemu kubwa ya ongezeko lile ilitoka huko.

Kuna mizigo ya kupita, ambayo ndiyo kazi yako ndugu yangu. Uganda ndiye mteja mkubwa kuliko wote, halafu wako Sudan Kusini, Kongo na Rwanda. Mizigo hii ikiongezeka inakuambia uchumi wa Kampala na Juba unakwendaje, na wewe dereva unanufaika, na mwenye hoteli Mariakani, na fundi wa magurudumu Mlolongo. Haisemi kwamba Mkenya ana pesa ya kununua.

Halafu kuna mizigo ya kuingia kwa ajili yetu wenyewe. Hiyo ndiyo ninayoitazama kila mwaka ninapotaka kujua kama wateja wa maduka yangu watanunua. Ndani yake tenganisha tena: ngano, mafuta na mbolea ni vitu vya lazima na vya majira. Mashine, vyuma na malighafi za viwanda hutangulia, maana anayenunua mashine leo anatarajia kuuza kesho. Klinka, ile malighafi ya saruji, nayo inasema kitu juu ya ujenzi.

Mwisho, tazama linalorudi baharini. Wewe unajua makasha mangapi unayashusha yamejaa na kuyarudisha matupu. Mwaka 2024 Kenya iliagiza bidhaa za kama shilingi trilioni 2.7 na kuuza nje za trilioni 1.1. Lile pengo lazima lizibwe kwa dola kutoka kwingine: watalii wa mahoteli yetu, mikopo ya nje, na pesa wanazotuma ndugu zetu walio ng'ambo, ambazo mwaka ule zilikaribia dola bilioni 5. Foleni yako ya Miritini inaonyesha vinavyoingia. Makasha matupu yanaonyesha kwa nini shilingi haina raha.

Kuhusu foleni kama kiashiria, itumie lakini ujue imebadilika. Tangu reli mpya ianze kubeba mizigo Januari 2018, sehemu ya makasha haipiti barabarani. Foleni fupi ya leo huwezi kuilinganisha na ya 2016 ukasema biashara imekufa.

#8 Leso Mtaa wa Biashara

Nimekuwa nikisoma kimya kimya tangu jana, sasa niseme. Mimi naleta leso na vitambaa kutoka India. Januari 2024 dola ilikuwa 160 na zaidi, tukalia. Katikati ya mwaka ikashuka mpaka 129 hivi na ikakaa hapo. Wateja wananiambia "dada punguza, dola imeshuka." Nawaeleza hawanielewi, wananiona mwizi. Nisaidie.

#9 Daftari la Kongowea

Dada yangu, wateja wako hawajakosea kuhusu dola, ila wanakitazama kiashiria siku kilipobadilika, na wewe unauza siku mzigo ulipofika.

Leso uliyouza Juni 2024 pengine uliilipia Januari, kwa dola ya 160. Ukiiuza kwa bei ya dola ya 129 hutapata pesa ya kurudisha mzigo. Juu yake nauli ya meli ilipanda kwa sababu ya hayo ya Bahari ya Shamu. Na mkopo wa kuagizia mzigo, riba yake ilikuwa bado inapanda wakati dola inashuka. Kwa biashara ya kuagiza nje, hesabu miezi minne mpaka sita tangu dola ibadilike hadi rafu ya duka ibadilike. Lakini nikuambie na upande wa pili kwa sababu nakuheshimu: baada ya mzigo ule wa zamani kwisha, wenye maduka wengi hawakushusha. Bei hupanda haraka na hushuka kwa kuvutwa. Wewe ukiwa wa kwanza kushusha mtaa mzima, utauza zaidi.

Na je, kuanguka kwa dola kulionekana mapema? Kwa aliyekuwa akitazama, ndiyo. Kilichoitia hofu shilingi ni deni la nje la dola bilioni 2 lililokuwa linaiva Juni 2024, na soko halikujua litalipwa vipi. Februari 2024 serikali ikakopa dola bilioni 1.5 mpya na kuanza kulinunua lile la zamani. Siku zile zile hofu ikapungua, waliokuwa wamekumbatia dola wakaanza kuziuza, na ndani ya wiki chache shilingi ikainuka. Kwa hiyo mwenye kuagiza nje atazame ratiba ya madeni makubwa ya nchi, na akiba ya fedha za kigeni, ambayo Benki Kuu huitangaza kila wiki. Kisheria inatakiwa ijitahidi kuwa na akiba ya kutosha kuagiza bidhaa za miezi minne. Akiba ikishuka kukaribia hapo, punguza mizigo ya mkopo wa dola. Ikiwa juu kwa raha, una nafasi ya kupumua.

#10 Raskazone

Salamu kutoka Tanga majirani. Sisi huku mfumuko umekaa kwenye asilimia 3 muda mrefu, na riba ya Benki Kuu iliwekwa asilimia 6 Aprili 2024 wakati yenu ilikuwa 13. Ina maana sisi tuko vizuri kuliko nyinyi?

#11 Daftari la Kongowea

Karibu sana jirani. Kwa utulivu wa bei mmetushinda, hilo nakubali. Lakini usiweke riba hizo mbili kwenye mizani moja. Benki Kuu yenu imeanza kutumia riba elekezi, ile inayoongoza riba za mabenki, Januari 2024 tu, kabla ya hapo ilikuwa ikidhibiti wingi wa pesa. Yetu ilipandishwa mpaka asilimia 13 mwezi wa Februari 2024 kwa sababu ya shilingi iliyokuwa ikianguka. Makapu yenyewe ya mfumuko yana mizani tofauti, chakula kwenu kina uzito wake na kwetu uzito wake. Ukitaka kulinganisha nchi mbili, linganisha mwelekeo wa kila moja dhidi ya jana yake mwenyewe.

#12 Tuktuk Bombolulu

Kaka, mimi sina elimu ya haya mambo lakini nimesoma yote. Naendesha tuktuk ya mtu, nampelekea hesabu shilingi 800 kila siku. Nataka kukopa laki tatu ninunue yangu, nilipe miaka miwili. Rafiki yangu anasema ngoja kwanza, riba zinashuka. Ningoje au nichukue?

#13 Daftari la Kongowea

Mdogo wangu, swali zuri kuliko ya wasomi wengi.

Rafiki yako hajakosea kuhusu mwelekeo. Riba ya Benki Kuu ilianza kushushwa Agosti 2024 kutoka 13, na kufikia Oktoba 2025 ilikuwa 9.25. Hati za serikali za siku 91, zilizokuwa zikilipa zaidi ya asilimia 16 mapema 2024, mwisho wa mwaka huo zilikuwa chini ya 10. Hivyo vilitangulia. Mikopo ya benki ikabaki nyuma kabisa: Novemba 2024 wastani wake ulikuwa bado juu ya asilimia 17. Benki ilikuwa na amana za wateja ilizoahidi kulipa riba kubwa, na ilikuwa na mikopo mibovu, zaidi ya shilingi 16 katika kila 100 zilizokopeshwa. Mikopo mibovu ni kiashiria kinachochelewa, inatokana na shida za mwaka uliopita, lakini inaamua wewe utakopeshwa kwa bei gani leo. Desemba 2024 mikopo kwa sekta binafsi ilikuwa imepungua kuliko mwaka mmoja nyuma. Baadaye riba zikaanza kushuka kweli, pole pole.

Sasa weka hesabu yako. Laki tatu, miezi 24, riba asilimia 18 kwa salio linalopungua: unalipa kama shilingi 14,980 kwa mwezi. Ukingoja mpaka iwe asilimia 15, utalipa kama 14,550. Umeokoa shilingi 430 kwa mwezi, kama elfu kumi kwa miaka miwili. Lakini katika kungoja unampelekea mwenye tuktuk 800 kwa siku. Ukifanya kazi siku 26, hizo ni shilingi 20,800 kila mwezi. Mwezi mmoja wa kungoja umekula mara mbili ya ulichotaka kuokoa. Toa bima, matengenezo na leseni, ambavyo sasa vitakuwa juu yako, bado hesabu haiungi mkono kungoja miezi sita kwa ajili ya asilimia tatu.

Kitu kinachobadilisha mambo zaidi ya Benki Kuu ni namna mkopeshaji anavyohesabu riba. Hiyo 14,980 ni kwa riba inayotozwa juu ya salio lililobaki. Wakopeshaji wengi wa vyombo vya kazi hutoza juu ya mkopo wote mpaka mwisho, hata ukiwa umeshalipa nusu. Asilimia 18 ile ile kwa njia hiyo: riba ni 54,000 kwa mwaka, 108,000 kwa miwili, unalipa 17,000 kwa mwezi. Tofauti ni zaidi ya shilingi 2,000 kila mwezi, na kwenye tangazo zote mbili zimeandikwa asilimia 18.

Kwa hiyo nenda kwa wakopeshaji watatu, mmoja awe sako, chama cha akiba na mikopo. Usiulize riba ni ngapi. Uliza: jumla nitakayokuwa nimelipa siku ya mwisho, pamoja na ada zote na bima, ni shilingi ngapi? Uliza pia kama riba itabadilika Benki Kuu ikibadilisha yake, maana ikiwa inashuka unataka mkopo unaoshuka nayo. Halafu piga hesabu ya mafuta. EPRA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, hutangaza bei mpya kila tarehe 14. Chukua bei ya juu ya miezi kumi na miwili iliyopita, si ya leo, uone kama kwa bei hiyo bado unaweza kulipa rejesho na kula nyumbani.

#14 Tuktuk Bombolulu

Nimeelewa kaka. Mmoja nimeshaongea naye, aliniambia elfu kumi na saba kwa mwezi.

#15 Daftari la Kongowea

Basi huenda huyo anatoza riba juu ya mkopo wote. Usiweke sahihi bado. Piga picha ratiba yake ya malipo, funika jina lako na namba ya kitambulisho, uiweke hapa tuipitie mstari kwa mstari pamoja na za hao wengine wawili.